Aliyemtwika Immakulata

Nurudini aliomba kiti, akapewa kiti. Akaomba chai, akaletewa chai. Alikuwa amelala mahabusu usiku mmoja kwa tuhuma ya kuua, lakini alivyokaa kwenye chumba cha mahojiano cha kituo cha Kasulu ungedhani anasubiri fundi ampime suti. Inspekta Firdausi alipoingia na kumkuta amekunja nne, alitamani kummwagia ile chai miguuni.

"Umeamkaje, dada'ngu?" Nurudini alisema.

"Mimi ni Inspekta. Dada zako wako nyumbani kwenu."

Koplo Khamisi, aliyekaa pembeni, alijikohoza ili asicheke.

Habari yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Jana yake asubuhi, mjane mmoja aitwaye Immakulata, mkulima wa parachichi wa kitongoji cha Ruhororo, juu kidogo ya Muyama, alikutwa chini ya mteremko amevunjika shingo. Alikuwa njiani kwenda sokoni. Kitongoji kizima, kuanzia wazee mpaka watoto wa shule, kilitaja jina moja tu, na jina hilo lilikuwa la huyu bwana anayekunywa chai.

Nurudini alikuwa na maduka ya vifaa vya ujenzi Kasulu na Kibondo, na kwa mwaka mzima alikuwa anatengeneza njia ya watalii. Si barabara. Njia ya miguu, inayopita mgongo wa vilima, katikati ya mashamba, inagusa ukingo wa msitu wa hifadhi, halafu inakwenda mpaka upande wa Munanila ambako mtu akisimama anaiona Burundi. Wageni wangetembea na fimbo zao na kulala kwenye mahema yake. Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja tu pale Ruhororo, ambapo njia ingepita ama juu, shambani kwa Immakulata, ama chini, kwa jirani yake. Immakulata alikataa.

"Kwenye mkutano wa kijiji ulisema nini?" Firdausi aliuliza.

"Nilisema njia itapita."

"Ulisema zaidi ya hapo."

Nurudini akaweka kikombe. "Nilisema njia itapita, mama awepo asiwepo. Yalikuwa maneno ya hasira, Inspekta. Wewe hujawahi kusema neno la hasira?"

"Nimesema mengi. Hakuna aliyekufa siku ya pili."

"Basi una bahati."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye njia yangu. Nilipanda Ruhororo kukagua vigingi. Viatu mlivyochukua ni vyangu, na nyayo mlizoziona pale mteremkoni ni zangu, sikatai. Nilipita jua halijachomoza. Hakukuwa na mtu."

"Na hakuna aliyekuona ukipita."

"Nani angeniona? Walikuwa wamelala." Aliinama mbele, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mimi nimuue yule mama wa nini? Nikikataliwa juu, napita chini. Mimi ni mfanyabiashara, sina haja ya kugombana na mtu. Niliwaambia wale akina mama wawili waziwazi, chagueni wenyewe. Ningekuwa maskini mngeniita shahidi. Kwa kuwa nina duka, nimekuwa muuaji."

Firdausi akafunga kalamu yake na kutoka.

Koridoni mkuu wa upelelezi wa wilaya alikuwa anamsubiri. "Leo," alisema. "Ama umfungulie shtaka, ama umwachie. Simu zimeanza kuita."

"Simu za nani, mkuu?"

"Za watu, Firdausi. Usiniulize za nani."

Akatikisa kichwa kuitikia. Alitaka muuaji awe Nurudini. Alitaka kwa moyo wote, kwa sababu ya ile nne na ule mdomo, na kwa sababu amekulia dukani Kibondo na anawajua vizuri watu wa aina ile, wanaokukanyaga huku wanakuita dada. Ushahidi ulikuwa wa nyayo na maneno ya mkutanoni, na kwa mahakama hayo hayatoshi hata kumfungia kuku. Akamwita Khamisi wakapanda gari.

Gari liliwafikisha Muyama, kisha mbele kidogo, kisha likakataa. Kutoka hapo ilikuwa miguu. Njia ilipanda katikati ya migomba, ikatoka kwenye maharage, ikaingia kwenye malisho ambako ng'ombe wa watu waliwatazama kwa dharau. Vilima vilikuwa vimejipanga mpaka macho yanachoka, kila kimoja na viraka vyake vya mashamba, na upande wa kushoto msitu wa hifadhi ulikuwa bado na ukungu. Kila baada ya mwendo mfupi kulikuwa na kigingi kilichofungwa utepe mwekundu. Pazuri, hakuna ubishi. Firdausi aliona uzuri huo na ukamkera.

"Afande," Khamisi alisema akihema, "hebu nieleweshe. Hawa wazungu wanalipa ili watembee kwa miguu?"

"Wanalipa."

"Kupanda hiki kilima?"

"Na kushuka."

"Kwetu Tanga tungewapandisha bure, na jembe juu."

Walipita mahali ambapo ukingo wa njia ulikuwa umekatwa na kusawazishwa kimo cha bega, udongo wake umeng'aa kwa kuguswa. Firdausi akaugusa kwa kiganja akaendelea. Mbele zaidi njia ikawa nyembamba, mkono wa kulia kilima, mkono wa kushoto hakuna kitu, bonde tu na mawe yake. Hapo ndipo alipokuwa amekaa mgambo wa kijiji, na kando yake kapu la marehemu, ambalo tangu jana alikuwa amekatazwa kuligusa.

Lilikuwa kapu kubwa la mianzi, limejaa parachichi hadi juu, limefunikwa majani ya mgomba na kufungwa kamba. Lilikaa upande wa kilima, wima, na kamba haikulegea hata fundo moja. Juu ya majani kulikuwa na ngata ya kitambaa cha kitenge kilichozungushwa vizuri, ile ambayo mama huyo alikuwa akiiweka kichwani chini ya mzigo.

Firdausi alichuchumaa akalitazama muda mrefu.

"Halikuanguka," alisema.

"Kwa hiyo alilitua apumzike," Khamisi alisema. "Jamaa akamkuta amepumzika. Nyayo zake si hizo hapo?"

"Jitwike."

"Nani? Mimi?"

"Wewe. Lichukue ulipandishe kichwani."

Khamisi akavua kofia. Alikuwa kijana wa mazoezi, kifua mbele, na mgambo alisimama ili aone vizuri. Akalishika kapu, akalipandisha magotini, akalivuta mpaka tumboni. Hapo likakaa. Akajaribu kulisukuma kwa goti, akayumba kuelekea bondeni, na mgambo akawahi kumdaka mkanda. Kapu likarudi chini.

"Lahaula!" Khamisi alifuta uso. "Huyu mama alikuwa na umri gani?"

"Amepita hamsini," mgambo alisema.

"Alilibebaje?"

"Kulibeba si kazi," Firdausi alisema. "Shingo ikizoea inabeba. Kazi ni kulitoa chini mpaka kichwani, na hiyo inataka mtu wa pili wa kukutwika. Likizo zangu zote nimezimaliza Gwarama kwa bibi yangu, nabeba. Umeuona ule ukingo uliokatwa kule nyuma? Aliye peke yake anapumzika pale. Anasogeza mzigo juu ya ukingo, akitaka kuondoka anaingiza kichwa chini yake anaenda zake. Ukitua chini kwenye njia, peke yako, utakaa hapo na mzigo wako mpaka apite mtu mwenye huruma. Hakuna mwanamke wa vilima hivi anayefanya kosa hilo."

"Basi hakuwa peke yake. Nurudini alimsimamisha."

"Kusimamishwa siyo kutua. Mtu anaongea na mzigo ukiwa kichwani. Anagombana nao kichwani. Immakulata amtukane Nurudini hapa, kisha ainame amwombe, samahani bwana, hebu nitwike?"

Khamisi alifikiria hilo. "Hata mimi nisingemwomba."

"Na ngata? Ukitua mzigo, ngata inabaki kichwani au mkononi. Ilipaswa kuwa bondeni naye, au hapa kwenye matope. Nani aliiweka juu ya kapu?"

"Upepo haukuiweka."

"Huku ngata ya mwenzako haiachwi njiani ikakanyagwa. Ikidondoka unaiokota, unaiweka juu ya mzigo wake, wala hufikirii. Nurudini angeipita. Asingejua hata ni nini."

"Muuaji mwenye adabu," Khamisi alisema.

"Muuaji aliyezoea kubeba."

Alisema hivyo akasikia kesi yake inamponyoka, na akachukia. Akainuka, akaanza kutembea taratibu upande wa kilima huku akifunua magugu kwa fimbo ya mgambo. Hakwenda mbali. Nyuma ya kichaka cha kwanza, kwenye magugu marefu, kulikuwa na rundo la parachichi. Hazikuwa zimetawanyika. Zilikuwa zimemiminwa mahali pamoja, nzima, bila jeraha, na siafu walikuwa wameanza kuzizunguka.

"Hizo zimetoka kwenye kapu," mgambo alisema.

"Kapu lipi? Hili limejaa mpaka juu na kamba haijafunguliwa."

Wote watatu wakaliangalia kapu. Khamisi ndiye aliyeelewa kwanza, na furaha yote ikamtoka usoni.

"Kulikuwa na kapu la pili," alisema.

"Kulikuwa na kapu la pili. Walitua wote wawili. Kisha mmoja akawa bondeni, na mwingine akabaki hapa na mzigo ambao hawezi kuuinua, kwa kuwa wa kumtwika amekufa. Afanye nini? Hawezi kuuacha, utamsema. Ameupunguza mpaka akaweza kujitwika mwenyewe." Firdausi alimgeukia mgambo. "Marehemu alikuwa anakwenda sokoni na nani?"

Mgambo alitazama bonde, akatazama viatu vyake.

"Na Niyubahwe," alisema mwishowe. "Jirani yake wa chini. Siku zote, toka wako kambi ya wakimbizi. Lakini jana Niyubahwe hakwenda, afande, alikuwa na homa."

"Nani alisema ana homa?"

"Yeye mwenyewe."

Shamba la Niyubahwe lilikuwa ukanda mmoja mwembamba unaoshuka kutoka njiani mpaka kijito. Migomba kidogo, maharage, miparachichi mitano, nyumba ya tofali za kuchoma. Vigingi vya utepe mwekundu vilikuwa vimeshapigwa katikati ya maharage, kutoka juu hadi chini, na vilipopita maharage yalikuwa yamekanyagwa. Ukitoa njia ya watu wawili kupishana pale, hakibaki kitu cha kulima. Firdausi aliliona hilo kabla hajabisha hodi.

Niyubahwe alikuwa uani, anamenya muhogo. Mama mwembamba, kitambaa cheusi kichwani.

"Mwakeye, mama," Firdausi alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye neza, mwanangu. Karibuni." Akawasogezea vigoda, akafuta kimoja kwa upindo wa kitenge.

"Pole na msiba."

"Ni wetu sote."

"Pole na homa pia."

"Imepungua."

Firdausi akakaa. Ukutani, karibu na mlango, kulikuwa na kapu la mianzi lililofunikwa majani ya mgomba. Majani yalikuwa yamezama ndani.

"Mama Immakulata alikuwa anaishi na nani?"

"Peke yake. Vijana wake wako Dar. Hata kupiga simu hawapigi."

"Jana alitoka nyumbani kwake na kapu kichwani."

"Ndivyo wanavyosema."

"Nani alimtwika?"

Kisu kikasimama kwenye muhogo. Khamisi aliyekuwa anatazama vigingi akageuka.

"Labda jirani," Niyubahwe alisema.

"Jirani ni wewe, mama. Hakuna nyumba nyingine mpaka kule barabarani."

Niyubahwe akamenya kidogo, akasimama tena. "Nilimtwika mimi. Nikarudi kulala."

"Na homa yako."

"Na homa yangu."

"Pale mteremkoni alitua. Alitua chini, kwenye njia." Firdausi hakupandisha sauti. "Wewe umebeba tangu msichana. Niambie ukweli, nani anatua pale akiwa peke yake?"

Hilo Niyubahwe hakuweza kulidanganya. Akasema, "Hakuna."

"Kapu lako lile mbona nusu?"

"Nimeuza."

"Lini? Jana ulikuwa mgonjwa na leo ni msiba."

Niyubahwe akageuza muhogo mkononi.

"Kwenye magugu kule juu kuna parachichi zimemwagwa. Nimtume Koplo azilete tuzimimine humu, tuone kama litajaa?"

Niyubahwe aliweka kisu chini, akasogeza na bakuli la muhogo kando, akafuta mikono.

"Msimtume," alisema. "Litajaa."

"Mama, kabla hujasema neno. Hulazimiki kusema lolote. Utakayosema nitayaandika, na yatasomwa mahakamani."

"Yaandike. Nani mwingine nitamwambia? Niliyekuwa namwambia mambo yangu ndiye huyo."

Akaanza kusema, na alisema kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kwenda mahali.

"Mimi ndiye niliyesema tutue. Yeye hakutaka, alisema tutachelewa. Nikamwambia, Imma, tua, nina neno na wewe. Nikamtua, naye akanitua. Pale unayaona mashamba yote mawili. Nikamwonyesha. Nikamwambia, angalia la kwako lilivyo pana, hao wazungu wakipita pembeni utapungukiwa na nini? Angalia langu. Wakipita langu, mimi nakwenda wapi? Burundi nilitoka na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Kambi ilipofungwa tukahamishwa tena. Hapa ndipo nilipopewa uraia, hapa ndipo niliposema basi, sihami tena. Nikamwomba. Nilipiga magoti, mwanangu, kwenye matope."

"Akasemaje?"

"Akasema yeye hatoi hata hatua moja. Akasema wakianza na hatua moja watamaliza shamba. Na alikuwa na haki, najua kwamba alikuwa na haki. Kisha akasema, 'Halafu shamba lenyewe nilikuombea mimi.'" Niyubahwe alilitazama shamba. "Kweli aliniombea. Tulipofika yeye ndiye aliyekwenda kwa mwenyekiti. Miaka yote hajawahi kulitamka. Akalitamka pale, mimi niko magotini."

"Ukamsukuma."

"Nilisimama nikamsukuma. Hivi." Alinyoosha mikono yake miwili mbele, na Khamisi akarudi nyuma bila kutaka. "Sikufikiria bonde. Nilimsukuma kama unavyomsukuma mtu jikoni. Ngata yake ikabaki njiani. Nikaiokota nikaiweka kwake. Nikamwita. Nilimwita sana. Kisha nikataka kuondoka, nikashindwa kuinua kapu langu, nikageuka nimwambie aje anitwike."

Akakoma hapo. Firdausi alikuwa ameacha kuandika.

"Mama, kwa nini hukwenda kwa Nurudini? Kwa nini hukumkatalia yeye, kama mwenzako alivyomkatalia?"

"Nilikwenda mpaka dukani. Alinipa soda. Akasema yeye hana neno na mtu, tuchague wenyewe. Ningemfanyaje? Hakunitukana, hakunifukuza. Alitoka kwenye ugomvi akatuachia. Tukabaki mimi na Imma."

Firdausi alisimama. Alitaka kumkasirikia huyu mama na hasira haikuja, ilikwenda kwingine kabisa, kwa mtu ambaye sheria haikuwa na neno hata moja la kumwambia. Kuna vifungu vya kuua kwa kukusudia na vya kuua bila kukusudia. Cha kumnunulia mtu soda na kumwambia achague, hakuna.

"Twende, mama," alisema. "Jifunike, huko njiani kuna baridi."

"Pingu, afande?" Khamisi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ataenda wapi?"

Niyubahwe alifunga mlango, akafunika muhogo aliokuwa amemenya, akawatangulia. Walipofika kwenye njia nyembamba alipita upande wa kilima, uso ameugeuzia udongo, na hakuna aliyemwambia aharakishe. Watu walikuwa wamesimama kwenye mashamba yao, majembe mkononi. Walidhani amechukuliwa kuwa shahidi. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka kwenye migomba, "Waambie wote, Niyubahwe! Usimwogope huyo tajiri!" Niyubahwe hakuinua kichwa.

Garini, mtandao ulirudi walipoanza kuiacha Muyama. Firdausi akampigia mkuu wake. Simu yake ilikuwa mbovu, haisikiki bila spika, na gari lilikuwa linapiga kelele kwenye makorongo, kwa hiyo aliiweka karibu na mdomo akasema kwa kifupi, mshukiwa mwingine, maelezo ya kukiri, Nurudini aachiwe.

"Safi sana," mkuu alisema. Pumzi aliyoishusha ilisikika gari zima. "Huyu hapa, yuko ofisini kwangu. Mwambie mwenyewe."

Firdausi hakupata nafasi ya kukataa.

"Inspekta," sauti ya Nurudini ilisema. "Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia. Uko huru."

"Ni nani basi?"

"Utasikia."

"Usinifiche, mimi nimelala ndani kwa ajili yake. Ni yule wa chini? Niyubahwe?"

Firdausi akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa jibu.

"Lahaula," Nurudini alisema polepole. Alionekana kushtuka kweli, na huenda alishtuka. "Masikini. Marafiki wale, wameuana kwa ajili ya kichochoro. Inasikitisha sana, Inspekta, nakuambia kweli. Nitatoa sanda na mchele wa msiba." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya dukani. "Samahani, nauliza tu. Vijana wa marehemu si wako Dar? Hawawezi kuja kulima huku. Na huyu wa chini ndiyo mmemchukua. Basi hakuna haja tena ya kuchagua. Tunaweza kupita juu tukarudia chini, ikawa mzunguko mmoja mzuri, wageni watapenda..."

Firdausi alikata simu. Alikuwa amechelewa.

Nyuma yake Niyubahwe akaanza kujipiga mapaja kwa viganja, taratibu kwanza, halafu kwa nguvu, na yowe lililomtoka lilimfanya Khamisi akanyage breki.

"Imma! Imma we! Mana yanje! Mungu wangu! Wachukue langu, Imma! Waambie wachukue langu!"

Alikuwa anausukuma mlango, si kwa kutoroka, alitaka kurudi juu kilimani. Firdausi alihamia kiti cha nyuma akamkumbatia, akamshika mikono ile miwili asijiumize.

"Nisimame, afande?" Khamisi aliuliza. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Endesha," Firdausi alisema.

Akaendesha. Niyubahwe alimwita mwenzake njia nzima mpaka Kasulu, na walipofika kituoni Nurudini alikuwa ameshaondoka.